Bi Saini na Vishikwambi Tisa

Walipokuja kupekua nyumba yake, Bi Saini alikuwa anafua. Mikono ilikuwa imejaa povu mpaka kwenye viwiko, na hakupewa hata nafasi ya kuikausha. Walikuwa watano: mkuu wa ulinzi wa chuo kikuu, walinzi wake watatu, na askari mmoja wa kituo cha jirani aliyeshika karatasi yenye muhuri. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, majirani wote wakiwa nje. Hakuna aliyehitaji kuulizia kinachoendelea. Sare za walinzi zilitosha.

"Mama, tunafanya kazi tu," alisema mkuu wa ulinzi.

"Fanyeni," alijibu Bi Saini. "Ila mvue viatu. Nimepiga deki."

Hawakuvua.

Walifungua makabati, wakamwaga nguo kitandani. Walinyanyua godoro lake wakaliegemeza ukutani kama mlevi aliyeshindwa kusimama. Walichungulia ndani ya pipa la unga. Wakafika chumba cha nyuma, anakoishi mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye mwanawe, mume wa Bi Saini, alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Wawili hao walibaki pamoja, hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake kwa nini haondoki. Bibi alikuwa amekaa kitandani, akakataa kuinuka.

"Bibi, tusaidie, tuangalie chini ya kitanda," mlinzi mmoja alimsihi.

"Mnatafuta nini?"

"Vishikwambi, bibi. Vile vidude bapa kama kioo, vya kubonyeza kwa kidole. Tisa. Na kile kindege cha kupigia picha angani."

"Kama viko chini yangu," bibi alisema, "basi nimevitaga. Subiri vianguliwe."

Mlinzi alicheka kabla ya kujizuia. Bi Saini hakucheka. Alisimama mlangoni, povu likimkaukia mikononi. Hawakupata kitu. Waliondoka bila kurudisha godoro mahali pake, na alipotoka nje kuendelea kufua, jirani wa upande wa pili, ambaye kila siku humsalimia kwa sauti ya kuamsha mtaa, aliingia ndani na kufunga mlango taratibu.

Bi Saini alikuwa mtunza stoo ya vifaa katika kitivo cha ardhi na mazingira cha chuo hicho. Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha chini kabisa cha jengo, mlango wa chuma, dirisha dogo lenye nondo, na kaunta ambayo ameisugua kwa viwiko vyake miaka minane. Humo mlikaa vitu vyote vinavyobebeka na vinavyotamanika: kamera, projekta, kompyuta za mkononi, GPS za kupimia mashamba, vishikwambi vya kukusanyia takwimu vijijini, na droni moja ambayo kila mtu alitaka kupigwa nayo picha. Jina la Bi Saini alipewa na wanafunzi, kwa sababu hakuna kitu kilichotoka kwake bila saini. Ukitaka waya wa chaji, saini. Ukitaka betri mbili za tochi, saini. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza kama kuvuta hewa ya stoo nayo inasainiwa. Alimjibu, "Ukiivuta ukairudisha, hapana."

Alikuwa na sababu. Kifaa kikubwa hakiibiwi kirahisi. Mashine ya kupima udongo inahitaji watu wanne kuibeba. Lakini kinachoingia kwenye mkoba hutoka na mkoba. Chuo kilibandika vibandiko vyenye namba kwenye kila kifaa, na Bi Saini alijua vibandiko hivyo hutoka kwa maji ya moto na ukucha. Kwa hiyo, kila kifaa kipya kilipofika, yeye alikaa na sindano aliyoitia moto, akachonga namba yake ndogo mahali pasipotazamwa. Kwenye vishikwambi alichonga ukingoni, karibu na tundu la chaji: kumi na nne, mkwaju, yaani kile kistari cha mshazari, kisha namba ya kifaa. Kumi na nne ndiyo namba ya chumba chake. Hakumwambia mtu. Hakuna aliyemuuliza.

Tatizo lake halikuwa wanafunzi. Wanafunzi walimwogopa, wakasaini, wakarudisha. Tatizo lilikuwa wakubwa. Mhadhiri alikuja na haraka zake, akanyoosha mkono juu ya kaunta: "Nipe kishikwambi kimoja, nitasaini kesho." Akikataliwa, alikwenda kwa mkuu wa kitivo, ambaye kila mtu alimwita Profesa tu kana kwamba chuo kizima kilikuwa na mmoja. Dakika tano baadaye simu ya stoo ililia.

"Mpe," Profesa alisema. "Atasaini akirudi."

"Profesa, utaratibu unasema—"

"Utaratibu ni mimi. Mpe."

Bi Saini alimpa. Lakini mhadhiri alipogeuka, alitoa daftari jembamba lenye jalada la kijani, akaandika: tarehe, namba ya kifaa, nani kachukua, nani kaamuru, na maneno yenyewe yaliyosemwa, neno kwa neno. Daftari hilo hakuliweka kwenye droo. Alilificha ndani ya boksi la betri mbovu, chini kabisa ya rafu, kwa kuwa hakuna binadamu anayepekua boksi la betri mbovu.

Siku ya ukaguzi wa mwaka ilipofika, kompyuta ilisema vishikwambi tisa na droni viko stoo. Rafu zilisema hakuna. Wakaguzi walimtazama. Yeye alimtazama Profesa, aliyekuwa amesimama pembeni na mikono nyuma.

"Profesa anajua vilipo," alisema Bi Saini. "Vilichukuliwa na wahadhiri kwa amri yake. Na kimoja alichukua mwenyewe."

Uso wa Profesa haukubadilika hata kidogo. Ni hilo lililomtisha zaidi, kwamba haukubadilika.

"Mimi?" alisema. "Nionyeshe saini yangu."

Bi Saini alifungua mdomo aseme juu ya daftari. Kisha akaufunga. Alielewa papo hapo kwamba mtu anayeweza kukana kwa uso mkavu namna ile, akijua daftari liko wapi, kesho halitakuwepo. Alinyamaza. Ukimya wake ukaandikwa kuwa kukiri. Alinyang'anywa funguo hapohapo, mlango ukabandikwa karatasi yenye muhuri, akapewa barua ya kusimamishwa kazi kabla chai haijapoa. Kesho yake ndipo walipokuja kumwaga nguo zake.

Jioni ile alirudisha godoro mahali pake peke yake. Bibi alimsikiliza akihema na kusukuma, akaja akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Umelia?"

"Sijalia, mama."

"Kwa nini?"

"Nina hasira, mama. Machozi hayapati njia ya kutokea."

Bibi alitikisa kichwa. "Basi usikae nayo hapa ndani. Hasira ya kukaa huivisha mwenye nayo. Ipe miguu itembee."

Bi Saini aliipa miguu. Usiku alikuwa ameshapiga hesabu ya jambo moja: vishikwambi vyote vilifungwa kwa neno la siri la chuo. Mtu akikipeleka nyumbani apewe mtoto achezee, lazima kwanza afungue. Na kufungua ni kazi ya fundi simu. Nyuma ya stendi ya mabasi kulikuwa na uchochoro mrefu wa mafundi simu, vibanda zaidi ya thelathini, kila kimoja na meza yake, taa yake na makopo yake ya bisibisi. Asubuhi alivaa viatu vya kutembelea, akaanzia mwisho wa uchochoro, akitafuta namba sita, kile alichochukua Profesa mwenyewe.

Siku ya kwanza walimdhania mpelelezi, wakamjibu kwa kichwa tu. Siku ya pili mmoja alimwambia waziwazi, "Mama, hapa hatuulizani kitu kimetoka wapi. Tukianza kuulizana, tutalala njaa." Alirudi nyumbani na malengelenge. Siku ya tatu, saa tano hivi, alifika kibanda cha fundi mwembamba mwenye miwani yenye lenzi kubwa upande mmoja, kama saa ya ukutani imemkaa jichoni. Mezani pake palikuwa na kishikwambi chenye kioo kilichopasuka.

"Hiki cha nani?" aliuliza.

"Cha mteja, mama."

"Nakuomba kitu kimoja tu. Tazama ukingo wake, hapo karibu na tundu la chaji, kwa hiyo lenzi yako. Ukikuta maandishi ya kumi na nne, mkwaju, sita, tuongee. Usipokuta, nitakuomba radhi niende zangu."

Fundi alimtazama, akakiinua kishikwambi, akakigeuza kwenye mwanga. Alikaa nacho muda. Kisha akavua miwani.

"Mama, umechonga na nini? Imetulia kama ya kiwandani."

"Sindano ya moto. Nani alileta?"

Fundi alisita. Alikuwa na watoto, alikuwa na kibanda, na alijua harufu ya matatizo. Lakini alimwona mwanamke huyu miguu imevimba, macho makavu, na akaona afadhali asimdanganye.

"Binti wa sekondari. Aliletwa na dereva, gari jeupe la chuo. Kioo kimepasuka, na alitaka lile neno la siri liondoke. Ameacha namba ya baba yake, nipige kikiwa tayari."

Alimsomea namba. Bi Saini hakuhitaji kuiandika. Namba hiyo ilikuwa imeiliza simu ya stoo miaka minane.

Mwingine angekwapua kishikwambi akakimbia nacho. Bi Saini alimwomba fundi akiweke palepale, asikirudishe kwa mtu, akachukua gari la abiria moja kwa moja hadi lango la chuo, akamuulizia mkuu wa ulinzi. Walinzi walitaka kumzuia. Sauti aliyoitoa ilimfanya mkuu wa ulinzi mwenyewe atoke ofisini.

"Twende," alimwambia. "Ulikuja kwangu na watu wanne. Mimi nakuchukua peke yako."

Mkuu wa ulinzi alikuwa mtu mzima, mwenye tumbo na sharubu, aliyezoea kuamuru. Lakini alimfuata. Labda alikuwa na lile pipa la unga moyoni. Kibandani fundi alimwonyesha namba iliyochongwa, kisha akamwambia nani alileta. Mkuu wa ulinzi alikuna shingo.

"Mama, hili jambo ni zito."

"Zito? Na godoro langu mlilolinyanyua lilikuwa jepesi?"

"Sisemi hivyo. Nasema, huyo ni Profesa. Mafundi hawa nao wanaweza kusema chochote."

Bi Saini alimgeukia fundi. "Mwanangu, mpigie mteja wako. Weka sauti kubwa."

Fundi akapiga. Simu iliita mara tatu.

"Ndiyo, fundi," sauti ilisema, ile sauti, pana, isiyo na haraka. "Kishikwambi cha binti kimekuwa tayari? Umeshaondoa hilo neno la siri la chuo?"

"Bado kidogo, mzee," fundi alisema.

"Fanya haraka. Ana mtihani." Simu ikakatwa.

Mkuu wa ulinzi alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna jibu limeandikwa humo.

"Ningekusikiliza siku ile," alisema mwishowe.

"Hukuniuliza siku ile. Ulikanyaga sakafu yangu." Bi Saini alimsogelea. "Sitaki pole yako hapa uchochoroni. Nataka useme kwenye kamati ulichosikia kwa masikio yako. Ukikana, nitakuja kukutafuta, na siji na povu mikononi."

Kamati ya nidhamu ilikaa wiki iliyofuata, chumba kirefu chenye kiyoyozi kinachonguruma na chupa za maji zilizopangwa mbele ya kila mtu isipokuwa mshitakiwa. Profesa alikuwepo kama shahidi. Mwenyekiti, mama mmoja wa utumishi mwenye sauti laini, alimuuliza Bi Saini kama ana la kusema.

"Ninalo. Lakini kwanza naomba twende sote stoo. Mlango ufunguliwe mbele ya macho haya yote."

Profesa alisema hiyo ni michezo ya kuigiza. Hapo mkuu wa ulinzi alisimama. Alieleza habari ya kibanda, namba iliyochongwa na simu, akitazama ukutani muda wote kama mtoto anayesoma shairi asilolipenda. Alipokaa, mwenyekiti hakumtazama Profesa. Alichukua mkoba wake akasema, "Twendeni stoo."

Waliteremka wote. Karatasi ya muhuri ilikatwa, mlango wa chuma ukalia. Bi Saini aliingia chumba chake kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tatu, na harufu ya vumbi la waya na plastiki ilimpiga puani hadi akataka kukaa. Hakukaa. Aliinama, akavuta boksi la betri mbovu, akatoa daftari la kijani. Akalisoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta yake.

"Tarehe tisa. Kishikwambi namba moja. Mhadhiri wa ramani. Alisema: 'Kwani mimi mwizi?' Simu ya Profesa, alisema: 'Mpe.' Tarehe kumi na nane. Namba mbili na tatu. Mratibu wa mafunzo. Alisema: 'Saini ni za wanafunzi.' Simu ya Profesa, alisema: 'Usinichoshe, mpe.' Tarehe ishirini na tano. Namba sita. Profesa mwenyewe. Nilisema tafadhali saini. Alisema: 'Wewe mwanamke, unajua unaongea na nani?'"

Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Hakuongeza neno, hakupandisha sauti. Wahadhiri wawili waliokuwa kwenye kamati walisikia majina ya vyeo vyao wenyewe. Mmoja alianza kukohoa na hakuacha. Profesa alisema daftari la mtu binafsi si hati rasmi. Mwenyekiti alimjibu kwa ile sauti yake laini, "Profesa, binti yako ana mtihani. Nenda kamsaidie."

Vishikwambi vilianza kurudi siku iliyofuata. Vililetwa na madereva, na wake zao, na watoto wa dada zao. Kimoja kilikutwa asubuhi mlangoni mwa stoo ndani ya mfuko wa plastiki, bila aliyekileta kujulikana. Kimoja kilikuwa kimejaa michezo ya mbio za magari. Kingine kimebandikwa vipepeo vya rangi mgongoni. Droni ilitoka kwa binamu wa mhadhiri, mpiga picha za harusi, ambaye alilalamika kwamba sasa amebaki na wateja asioweza kuwapiga picha kutoka juu. Namba tisa haikurudi kabisa. Hadi leo haijulikani ilipo.

Profesa hakufukuzwa. Aliomba kupumzishwa ukuu wa kitivo "kwa sababu binafsi," akafanyiwa hafla ya kumshukuru, akapewa saa ya ukutani. Bi Saini alipewa barua ya mistari minne. Ilisema anarejeshwa kazini, na uongozi unasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

Aliisoma akiwa amesimama mezani kwa mwenyekiti.

"Usumbufu," alisema.

"Ni lugha ya ofisi, mama."

"Foleni benki ni usumbufu. Mimi nimeitwa mwizi mtaani kwangu, mchana, mbele ya watu ninaoazimana nao chumvi. Sirudi kazini mpaka waliokuja kwa sare warudi kwa sare, waseme kwa sauti ileile."

Mwenyekiti alisema hilo haliko kwenye kanuni. Bi Saini alisema kupekua pipa la unga nako hakukuwemo. Akaiacha barua mezani, akaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi mkuu wa ulinzi alikuja. Alikuja na walinzi wake watatu, sare zimepigwa pasi. Askari wa kituo hakuja. Walisimama uani wakati majirani wanachota maji, na mkuu wa ulinzi akasema, kwa sauti ya gwaride, kwamba mama huyu hakuiba kitu, kwamba walikosea, na kwamba anaomba radhi kwake na kwa nyumba yake.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. "Rudia," alisema. "Sikio langu hili la kushoto halikusikia."

Alirudia. Safari hii kwa sauti kubwa zaidi, jasho likimtiririka hadi kwenye sharubu. Walinzi walivua viatu wakaingia kumsalimia bibi, mmoja mmoja. Jirani wa upande wa pili alikuja baadaye na tabasamu na bakuli lililofunikwa. Bi Saini alimwitikia salamu, akapokea bakuli, akalirudisha likiwa limeoshwa siku hiyo hiyo. Mpaka sasa huitikiana salamu, na wala hazizidi hapo.

Alirudi kazini Jumatatu. Mkuu mpya wa kitivo alitia saini waraka kwamba kila kifaa kinachobebeka kitaonyeshwa kwa macho stoo kila baada ya miezi mitatu, awe nacho mwanafunzi au makamu mkuu wa chuo. Waraka huo uliandikwa na Bi Saini. Jina lake halikuwemo.

Mwezi mmoja baadaye alikutana na Profesa kwenye korido, uso kwa uso. Profesa alikuwa na mkoba wake wa ngozi na lile tabasamu lake pana.

"Habari za siku nyingi, mama? Kazi inaendeleaje?"

Yeyote angesema "nzuri." Ndivyo tulivyofundishwa, mtu hata akiwa anazama husema nzuri. Bi Saini alisimama.

"Bado nimekasirika, Profesa," alisema.

Profesa alitazama saa yake, akasema kitu kuhusu kikao, akapita. Yeye aligeuka akateremka ngazi. Foleni ya wanafunzi wa safari ya mafunzo ilikuwa imeshafika mlangoni, na GPS kumi na mbili zilikuwa bado hazijachajiwa.